Mkwaruzo Kwenye Koili ya Fanueli

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maana yake ni kwamba kasoro ndogo ikipuuzwa hukua, na siku ya kuirekebisha hudai kazi kubwa kuliko ile tuliyoikwepa. Wengi tumeijua methali hii tangu darasani, na bado tunapita kando ya nyufa zetu tukitazama pembeni. Fanueli wa Vudee naye aliijua.

Enzi hizo za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia, Fanueli alikuwa fundi wa simu za reli katika stesheni ya Same. Baba yake, Mzee Lukasi, aliishi juu milimani Vudee. Masikio ya mzee yalikuwa yameziba kiasi kwamba hata kengele ya kanisa aliiona tu ikiyumba. Uziwi wenyewe alikuwa ameuzoea. Kilichomkata maini ni mwanawe wa kwanza, Danieli, aliyekuwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga mama yao alipofariki. Danieli alipata habari, wala hakuja kuzika. Sasa, baada ya miaka mingi, alituma salamu kwamba anataka kuja kuomba radhi.

“Na aje,” alisema Mzee Lukasi. “Lakini toba husemwa kwa mdomo na kusikiwa kwa masikio. Asinionyeshe vidole kama mtu anayenunua ndizi gulioni Hedaru. Nikilisikia neno lake, nitambariki.”

Hapo Fanueli akaamua kumtengenezea baba yake mtambo wa kukuza sauti. Alikuwa na kisemeo cha simu kuukuu, taa za redio za kukuza sauti, betri, na visikilizio vya kuvaa kichwani kama vya wapiga simu. Kilichokosekana ni transfoma, ile koili ya waya uliozungushwa kwenye chuma, inayoipitisha sauti kutoka kwenye taa hadi masikioni. Haikuuzwa popote karibu, basi akaazimia kuisuka mwenyewe.

Waya aliupata kwenye koili mbovu za malori huko Hedaru, waya mwembamba kama unywele, uliopakwa vanishi ili mzunguko mmoja usigusane na mwenzake. Aliusuka kwa gurudumu la cherehani la mkewe, Eliwaza, naye Eliwaza akawa anatia harage moja kibuyuni kila mizunguko mia ilipotimia. Juu ya kila tabaka walifunika karatasi iliyochovywa katika nta ya nyuki. Kazi ilikuwa ya kuumiza macho na mgongo.

Walipokaribia kumaliza, koleo iliteleza ikakwaruza waya.

“Baba Esta, vanishi imetoka hapo,” alisema Eliwaza.

“Nimeona.”

“Basi tufumue, tupake upya.”

Kufumua kulikuwa na maana ya kupaka vanishi na kuiacha ikauke siku nzima, na Fanueli alikuwa amekwisha kuwaahidi ndugu wote kwamba shughuli ya toba ni kesho yake, Jumapili, baada ya ibada. Aliona haya kuahirisha. “Nitapaka nta kwa kidole. Itatosha.”

“Baba yako alipokuwa msimamizi wa ndiva,” Eliwaza alisema taratibu, “akiona tone moja linatoka kwenye ukuta wa bwawa lile la kumwagilia mashamba, anawaita watu waache majembe yao shambani waje wazibe.”

“Hii si ndiva, mama Esta. Ni waya.”

Jumapili ilipofika, mtambo ukawekwa juu ya kigoda uani kwa Mzee Lukasi, jua likiwaka. Mzee Lukasi akavishwa visikilizio. Eliwaza akashika kisemeo, akasema, “Shikamoo, baba.”

Mzee akashtuka, machozi yakamlengalenga. “Marahaba, mwanangu. Sauti yako nilikuwa nimeisahau.”

Baada ya hapo nani angezuiwa? Kila ndugu alitaka kumwamkia mzee, na mzee alitaka kuamkiwa. Wakapanga foleni, wakubwa kwa wadogo, na Fanueli akavimba kichwa kwa sifa. Danieli, aliyekuwa amewasili kutoka Tanga, kwa kuwa ndiye mkosaji, alikaa nyuma kabisa. Muda wote huo sanduku lilikuwa likipata joto, la taa ndani na la jua nje, na nta ikawa inalegea.

Mwishowe Danieli akashika kisemeo, akapiga magoti mbele ya baba yake.

“Shikamoo, baba. Ni mimi, Danieli.”

“Marahaba. Sema.”

Danieli aliinamisha uso mpaka mzee akawa anaona utosi wake tu, akayasema yote. Alimtaja mama yake kwa jina. Alisema alivyoogopa na alivyojidharau tangu siku ile. Wanawake wakalia. Lakini pale penye mkwaruzo nta ilikuwa imeyeyuka, waya ukagusana na mwenzake, sauti ikakatika, na harufu ya nta iliyoungua ikatoka sandukuni.

“Sema, mwanangu,” alisema Mzee Lukasi, akisubiri. “Mbona umenyamaza?”

Fanueli akalifungua sanduku, moshi mwembamba ukapanda. Mzee alipoelewa, alivua visikilizio akavipakata mapajani. “Siwezi kusema mbele za Mungu kwamba nimesikia nisichokisikia. Fanueli, tengeneza. Nitangoja.”

Danieli akarudi Tanga bila baraka. Fanueli alifumua koili yote, akakuta waya umeungua, ikambidi atafute mwingine na kuanza upya, tabaka kwa tabaka, safari hii kwa vanishi. Kabla hajamaliza, mvua za milimani zikampa mzee homa ya mapafu. Alipelekwa hospitali Gonja, wauguzi wakafanya waliloweza. Kila Fanueli alipoingia wodini, mzee aligusa sikio lake, akiuliza. Kila mara Fanueli alitikisa kichwa. Mzee Lukasi akafariki, na transfoma mpya, iliyotoa sauti safi kuliko ile ya kwanza, ikakamilika wiki ya matanga.

Danieli alikuja kuzika. Jioni ndugu hao wawili waliketi uani, na Fanueli akasema, “Kaka, ule mkwaruzo niliuona. Niliupaka nta tu.”

Danieli akauliza, “Ulikuwa mkubwa kiasi gani?”

“Kama punje ya ulezi.”

“Na mimi,” alisema Danieli, “nilipopata habari za msiba wa mama, gari moshi lilikuwepo siku ile ile. Nilisema nitapanda la kesho.”

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Walilia kama watoto, kwa kuwa neno lilikuwa limesemwa, na yule mmoja aliyepaswa kulisikia hakulisikia. Kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta.