Unga wa Vigae

Ndugu zangu, nipeni masikio kidogo. Na wewe uliyejiegemeza kwenye nguzo pale nyuma, usijifanye unaomba, nakuona. Mfano wa leo ni wako kuliko wa mtu mwingine yeyote.

Palikuwa na mama mmoja, mtoto wa mfinyanzi. Mama yake mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa fundi hasa. Ukiingia nyumba yoyote kijijini mle ukaomba maji, ulichotewa kwenye mtungi wa bibi yule. Na watu wa huko wana desturi yao: binti akiolewa, hutoka kwao na mtungi mpya kichwani, na mtungi huo sharti mama yake awe ameufinyanga kwa mikono yake mwenyewe. Si wa kununua, si wa kuazima.

Sasa mama huyu alikuwa na binti mmoja tu, na binti akaposwa. Posa ikapokelewa, siku ikapangwa, miezi minne mbele, baada ya mavuno. Mama akacheza, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Halafu akakumbuka habari ya mtungi, na furaha yote ikamtoka.

Maana yeye, pamoja na kuwa mtoto wa fundi, hakuwahi kufinyanga hata kibakuli. Si kwamba alikuwa mvivu. Jamani, huyu mama alihangaika! Alikwenda mtoni akachimba udongo mzuri, akautoa mawe, akaulowesha, akaufunika kwa gunia bichi. Mwezi ukapita. Binti akamuuliza, "Mama, mtungi wangu vipi?" Akajibu, "Udongo bado haujalainika, mwanangu." Akaukanda upya, akautoa mawe ambayo hayamo. Mwezi wa pili akasema kuni bado mbichi. Mwezi wa tatu akajenga kibanda cha kufinyangia, akakisakafu vizuri kuliko nyumba anayolala. Mnacheka? Chekeni, lakini mtu huyo mnamjua.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa kwamba mtungi wake utawekwa ukweni, pembeni ya mtungi wa marehemu mama yake, na watu watautazama huu, watautazama ule, halafu watanyamaza. Huo ukimya wa watu ndio uliomfunga mikono.

Ulipobaki mwezi mmoja akapata kisingizio kizuri kuliko vyote. Udongo mtupu ukiupeleka motoni hupasuka. Kwa hiyo wafinyanzi huchukua vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, wakavisaga mpaka vikawa unga, wakauchanganya na udongo. Unga huo ndio unaoushikilia mtungi ndani ya moto. Na yeye vigae hana! Akaona hapo amepona. Akaenda kwa jirani yake mfinyanzi, mwanamke wa maneno machache na makali.

"Hodi, mwenzangu. Nimekuja kukuomba unga wa vigae, kikapu kimoja tu."

Jirani hakuinua hata kichwa. "Vigae haviombwi. Kila mfinyanzi husaga vya kwake. Hata marehemu mama yako alisaga vya kwake."

"Mimi nitavitoa wapi? Sijawahi kuvunja chungu!"

"Hujavunja kwa sababu hujafinyanga. Nenda kafinyange."

"Bila vigae? Si vitapasuka?"

"Vitapasuka," akasema jirani, akaendelea na kazi yake.

Mama aliondoka akisema peke yake njia nzima: "Roho mbaya ile! Roho mbaya ile!" Alipofika kwake hakuvua hata kitenge cha kutokea. Alifunua gunia, akachota udongo, akaanza. Hakuwa tayari. Alikuwa amekasirika tu, na siku hiyo hasira ilimtosha. Chungu cha kwanza kilitoka mdomo umepinda. Cha pili kilikaa upande. Cha tano, angalau, ungekiona ungesema ni chungu. Akavianika siku sita, akapanga kuni, akawasha, na majirani wakaja kutazama, kwa sababu moto kwenye kibanda kile lilikuwa jambo geni.

Wakasikia pa! Kimya kidogo. Pa! Pa! Vyote vitano vikapasuka, hadi kile kilichokuwa kimempa matumaini. Moto ulipopoa, mama akakaa chini katikati ya vipande, binti yake amesimama pale anamtazama, akalia mbele za watu. Hakuna aliyesema neno. Ule ukimya alioukimbia miezi yote ukawa umemfikia.

Ghafla vikasikika vigelegele. Nani huyo? Jirani yule mwenye maneno makali! Anakuja anacheza, jiwe lake la kusagia kichwani.

"Hongera, mwenzangu! Hongera! Leo una vigae!"

Mama akainua uso. Akakumbuka jambo aliloliona kila asubuhi utotoni na hakuwahi kuliuliza: mama yake, fundi yule wa kusifiwa, amepiga magoti kwenye jiwe, anasaga unga mwekundu, kikapu baada ya kikapu. Vyungu vyote hivyo vilivunjwa na nani? Semeni nyinyi. Watu walisifu mitungi ya bibi yule miaka arobaini, kumbe kila mtungi ulikuwa na vyungu alivyoharibu mwenyewe ndani yake.

Mama akajifuta machozi kwa mkono wenye tope, akajipaka uso mzima, akacheka. Akasaga. Akachanganya, akafinyanga, akachoma. Viwili vikapasuka tena, akavisaga navyo. Na siku ya harusi, ndugu zangu, binti alitoka kwao na mtungi kichwani! Ulikuwa umeinama kidogo kushoto, sikatai, lakini ulijaa maji hadi shingoni na haukuvuja hata tone. Mama yake alikuwa nyuma, amefunga kibwebwe, anacheza njia nzima mpaka ukweni. Watu wakautazama mtungi ule. Hawakunyamaza. Walileta vikombe wakaomba maji.

Sasa tuje kwetu. Sisi ni nani katika mfano huu? Msijipe ujirani, sisi ndio mama wa gunia bichi. Kuna mtu humu aliahidi kuitungia kwaya wimbo tangu Pasaka ya mwaka juzi. Kuna mwenye daftari la hadithi, ameandika jina lake vizuri juu ya jalada, na ndani hamna neno. Kuna cherehani imefunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba ni marehemu. Na mimi nisijitoe: mfano huu nimeukanda miezi mitano nikisema haujalainika.

Tunapiga magoti tunamwomba Mungu atupe kwanza mkono wa fundi, ndipo tuanze. Ndugu zangu, huko ni kuomba unga wa vigae na vyungu hatujavunja. Ufundi tunaousubiri umo ndani ya kazi yetu mbaya ya kwanza, ile tunayoiogopa. Wakiucheka wimbo wako, usiutupe. Hicho ni kigae chako, kisage.

Tukitoka hapa sitaki mtu abaki kunisifia mahubiri. Nendeni nyumbani mkafunue magunia. Na yeyote atakayenijia analia, ameshika kazi yake iliyopasuka mikononi, ajue mapema: nitampigia vigelegele mimi mwenyewe, hapa hapa madhabahuni, na nyinyi nyote mtaitikia.