Kwa Nini Mafundi Hawapandi Jiwe la Ndiva

Hebu fumbeni macho kidogo, watoto wangu. Uoneni mlima wenye mashamba ya mahindi na maharage yaliyoshuka kama ngazi. Juu kabisa, mahali ambapo baridi huuma masikio, pana bwawa lililozungushiwa ukuta wa mawe na udongo mzito. Usiku maji ya kijito hujaa humo. Asubuhi mlango wake hufunguliwa, na kila shamba hupata zamu yake. Wenyeji waliliita ndiva. Mmeiona? Basi tuanzie hapo.

Enzi hizo mtu hodari hakuogopa kuongoza. Mhunzi, mkunga, mfinyanzi asiyepasua chungu, hao ndio waliotangulia kujitokeza kila alipotafutwa mzee wa maji, yaani msimamizi wa ndiva.

Aliyejitokeza alipimwa kwa tope. Alipanda jiwe lililokuwa kando ya ndiva. Mwenye lawama alichota tope, akasimama mbele yake wakitazamana, akataja alichokiona au kukisikia mwenyewe, ndipo akarusha. Aliyekuwa juu hakuruhusiwa kujibu wala kujifuta. Mwishowe alishuka, akanawa, na lawama zikaishia hapo. Lilikuwa tope kidogo, tena la haki.

Mwaka mmoja mzee wa maji alifariki, na ukuta wa ndiva ukaanza kuvuja. Masika yalikuwa karibu. Palikuwa na mwanamke aitwaye Nakijwa, fundi wa kuta asiye na mfano. Aligonga jiwe, akasikiliza mlio wake, akajua litakaa wapi. Lakini ukuta ule haukuwa kazi ya mtu mmoja. Ulihitaji msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na pembe ya kuitia msaragambo ilipigwa na mzee wa maji peke yake. Kwa hiyo Nakijwa akasema atapanda jiwe. Alitaka pembe tu, ukuta upone kabla ya mvua.

Kirumbuyo naye aliitaka pembe hiyo. Huyu alikuwa bwana mwenye ulimi mtamu. Akasimama mkutanoni, akasema, "Ndugu zangu, tunawaonea wapole. Mtu ana lawama yake, lakini anaona haya kusimama mbele za watu. Kwa nini asirushe akiwa nyuma, bila kuonekana?"

"Hapo umenena, bwana!" wakaitikia. Walidhani ni huruma. Hilo ndilo lililokuwa kosa lao.

Siku ilipofika, bibi mmoja alipita mbele kama zamani. "Nakijwa mwanangu, ulinitukana kisimani, nami nilikusikia." Akarusha tonge dogo. Nakijwa akainamisha kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kisha sauti zikaanza kutoka nyuma.

"Mwizi wa maji huyo!"

"Mchawi! Mbona mawe yanamtii?"

"Tazameni viganja vyake, kama magaga ya miguu. Huyo ndiye wa kutusalimia wageni?"

Watu wakacheka, na kicheko kikaleta mikono mingine. Tope likamjaa machoni. Mara tonge moja likampiga binti yake, Namche, aliyesimama chini ya jiwe.

Nakijwa akashuka. Akamfuta mtoto uso kwa upindo wa nguo yake.

"Mama," Namche akanong'ona, "ni kweli uliiba maji?"

Hapo ndipo nguvu zilipomwishia. Akamshika mkono mwanawe, wakaenda nyumbani.

Kirumbuyo naye akapanda. Alikuwa amejipaka mafuta ya nyonyo toka utosini hadi kwenye nyayo, na kila tope lililomgusa liliteleza likaanguka. "Mnaona?" akasema, mikono kiunoni. "Hata tope linaniheshimu!" Watu wakapiga makofi, wakampa pembe.

Aliipiga alipotaka kusalimiwa. Alipoulizwa habari za ukuta alijibu, "Kesho, kesho." Masika yakaja. Ukuta ukapasuka, na mahindi ya mlima mzima yakazolewa hadi bondeni.

Watu wakamnyang'anya Kirumbuyo pembe, wakaenda nayo mlangoni kwa Nakijwa, vichwa chini. "Mama Namche, tusamehe. Ichukue."

"Ukuta nitaujenga," akajibu. "Hata mwanangu anakula mahindi ya mlima huu. Pembe kaeni nayo."

"Sasa atuongoze nani?"

"Mtafuteni mwenye mafuta."

Akajenga ukuta mpya, nao, bila kungoja pembe, walimbebea mawe kwa zamu. Ukuta ulikuwa imara. Lakini jiwe lile hakulipanda tena, na mafundi wenzake, waliokuwa wameona yote, hawakulipanda pia.

Na tangu siku hiyo, fundi akiombwa kugombea uongozi, huwatazama kwanza watoto wake, kisha hurudi kwenye kazi yake. Nafasi huachiwa waliojipaka mafuta. Wapo wachache wanaopanda bila mafuta, tena hao ni wa kutunzwa sana.

Nanyi mtakuwa wakubwa, mtakwenda mikutanoni. Nawaomba mkumbuke jambo moja. Mkiwa na neno juu ya mtu anayetaka kuwatumikia, lisemeni, hata kama ni chungu. Ila mpite mbele, awaone uso.