Kiwavi Aliyeuliza Jina Lake

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanakaribishana chakula kama watu (na wewe Mwanakombo acha kucheka, nasema kweli!), Bi Kanga alikuwa na mila yake. Nyumbani kwake chakula kisichotajwa jina hakiliwi. Kwanza mama aseme, "Karibuni mtama," ndipo midomo ishuke.

Siku moja alikuwa akiparua shambani, kwaru, kwaru! Akamfukua kiwavi mnene wa kijivu, wale wanaokata miche ya watu. Kiwavi akajikunja duara, akajifanya amekufa.

"Watoto, njooni mle! Karibuni... karibuni..." Bi Kanga akakwama.

Kiwavi akafumbua jicho moja. Loo, kumbe hanijui!

"Shikamoo, Bi Kanga. Utawakaribishaje wanao bila kunitaja?"

"We! Si umekufa?"

"Bado kidogo. Mimi nani?"

"Kiwavi!"

"Kiwavi ni ukoo mzima, mama. Mgeni humwambii 'karibu mtu'. Mimi ni yupi?"

Vifaranga wakalia njaa. Bi Kanga akaona haya kusema hajui, akamwita jirani yake, Mzee Ngiri, mjuzi wa kila kitu.

"Huyu? Namfahamu sana!" Ngiri akanguruma. "Huyu jongoo!"

"Miguu yangu mingi iko wapi, mzee?"

"Ndiko nilikokuwa naelekea. Ngoja nikumbuke."

"Kumbuka taratibu," Kiwavi akasema kwa adabu. "Ila nifukieni. Jua likinikausha, jina mtapata, utamu hamtapata."

"Ana akili huyu," Ngiri akasema, wakamfukia. Bi Kanga akakaa palepale kumlinda. Ngiri akataja majina siku baada ya siku, vifaranga wakimtazama tu. Huko chini Kiwavi alikuwa na kazi zake.

Mwishowe Ngiri akaruka. "Jamani, si tumpe jina sisi wenyewe! Anaitwa Kitoweo! Fukua!"

"Karibuni Kitoweo!" Bi Kanga akashangilia. Kwaru, kwaru! Wakakuta kiganda cha kahawia, kigumu kama kokwa ya tende. Pwa! Kikapasuka. Akatoka nondo wa kijivu, akakaa juu ya jino la Ngiri kukausha mabawa.

"Kitoweo, shuka!"

"Kitoweo hakuwa na mabawa, mzee. Sasa mimi nani?"

Bi Kanga akachoka kabisa. "Haya, tumeshindwa. Kwani jina lako hasa nani?"

Nondo akacheka mpaka mabawa yakatikisika. "Hata mimi sijui, mama! Wote hunidonoa bila kuuliza." Prrrr! Akaenda zake.

Basi, wanangu, hujui sema hujui, usije ukalaza watoto njaa na mlo uko miguuni pako.