Swali Lililopigwa Marufuku

Bi. Riziki Shekiondo, mbunge wa upinzani, aliuliza swali lile lile kila kikao: "Serikali imemwaga mabilioni kwenye Shirika la Maji. Pale Kwamnyefu, maji yako wapi?"

Waziri wa Maji, Dakta Lugendo, akaruka. "Mheshimiwa Spika, bomba lipo na maji yanatoka! Huyu anataka tu kutukwamishia fungu jipya."

Spika akaamua. "Bi. Riziki, futa kauli. Ukiuliza tena swali hilo, utatolewa nje mpaka bajeti ipite."

"Nimefuta, Mheshimiwa Spika. Na ili Waziri aniwie radhi, namwalika pilau Jumamosi, Kwamnyefu kwenyewe, pale pale penye bomba jipya."

Waziri alikwenda na waandishi wa habari, wamwone anavyoombwa radhi. Wanawake wakamnawisha kwa birika, wakamketisha mkekani, wakampakulia. Alikula kwa mkono, akaongezwa, akaongezwa tena, mafuta yakamtambaa mpaka kwenye kiwiko.

Aliposhiba akaangaza huku na huku. Birika lilikwisha kuondolewa.

"Karibu bombani, Mheshimiwa," Bi. Riziki akasema kwa upole. "Heshima ya kulifungua ni yako."

Waziri akazungusha koki. Bomba likakohoa, likatema vumbi. Akazungusha tena, likanyamaza kabisa. Kamera zote zikamsogelea, naye ameinua mkono juu, unachuruzika mafuta.

"Jamani," akafoka, "maji yako wapi?"

Bi. Riziki akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu, Mheshimiwa. Spika asije akakusikia."