Ukoo wa Bwana Shaame

Paliondokea mama mmoja, Mize, kibanda chake kimeegemea ukuta wa gofu la mawe. Tajiri Shaame aliyataka mawe hayo ajengee ghala, na ukuta ukivunjwa Mize hakuwa na pengine pa kumlaza mwanawe. Siku moja Shaame alikuja na vijana wenye nyundo, pamoja na sheha, mkuu wa mtaa, awe shahidi.

"Jengo la kale halivunjwi, serikali inalilinda," alisema sheha, huku akimpangusa mtoto kamasi.

"La kale wapi?" alidakia Shaame. "Hili zizi la juzi tu. Au siyo, Mize?"

"Ndiyo, bwana," alijibu Mize, akiwamiminia uji. "Wapo wanaosema ni nyumba ya mababu zako. Nikawaambia, wacheni uongo, ukoo wa Shaame umekuja juzi, nyumba ya mawe wangeitoa wapi?"

Shaame alitua kikombe. "Juzi? Sisi tuko hapa miaka mia tano. Vione vidaka hivi vya nakshi, vya kuwekea taa ukutani. Babu zangu walivichonga, wenu wakilala chini ya miti."

"Basi nimekosa, bwana, unisamehe. Sheha, umemsikia mwenyewe?"

Sheha alimaliza uji wake taratibu, akawaambia vijana wachukue nyundo zao waende makwao.