Ukuta Alioulamba Biba

Wahenga waliosema tamaa mbele, mauti nyuma, hawakusema kwamba anayetamani ndiye lazima afe. Mauti yanayofuata nyuma humwokota yeyote aliye karibu.

Vlatko alikuwa amechimba opali, yale mawe ya thamani yenye rangi nyingi, huko Coober Pedy, Australia, miaka thelathini na minne, na alichopata kilimtosha kula na kununua dizeli ya kuchimbia tena. Aliishi kama wenzake, katika nyumba iliyochongwa ndani ya mwamba, mahali ambapo jua la jangwani halimfikii mtu. Mkewe, Milena, alikuwa mjini Adelaide kwa dada yake tangu Machi, figo zimegoma, akisafishwa damu kwa mashine. Alipoondoka alimwachia paka wao.

"Mimi nina madaktari," alisema. "Biba ana wewe tu."

Mwezi wa Agosti Biba akaanza kulamba ukuta. Alichagua kona moja nyuma ya jiko, akawa anaulamba mwamba asubuhi hadi jioni kama mbuzi aliyeona chumvi. Chakula alikinusa akakiacha.

Mtu mwingine angejiuliza paka ana nini. Vlatko alijiuliza ukuta una nini. Huko machimboni kila mtu ana kisa cha mbwa aliyefukua utajiri kwa makucha, ingawa hakuna aliyewahi kumwona huyo mbwa. Akahamisha jiko, akashika sururu.

Jumanne jirani yake Fotini, mjane wa Kigiriki mwenye ulimi wa pilipili, alimkuta amejaa vumbi hadi kwenye nyusi.

"We mzee, jiko umelifanya nini? Milena akirudi atakuzika humohumo!"

"Nyamaza, jirani. Biba ameona kitu."

"Tangu lini paka akawa mtaalamu wa madini? Mbavu hizo zinahesabika!" Fotini alimwinua Biba, akamfunua mdomo. "Ufizi mweupe kama karatasi. Na viroboto tele. Daktari wa wanyama yuko mjini leo, kesho asubuhi anaondoka, harudi hadi mwezi ujao. Mpeleke."

"Nitampeleka jioni."

"Basi nimpeleke mimi."

Vlatko akasita. Ncha ya sururu ilikuwa imetoka kugusa mshipa wa jiwe la kijivu, lile ambalo mara nyingine hutangulia opali.

"Mwache. Akiondoka sitajua alitaka kunionyesha wapi."

Fotini akamweka paka chini taratibu. "Haya bwana. Wewe na mhandisi wako."

Jioni ikapita, na Jumatano ikapita. Mshipa uliendelea kuwa wa kijivu, bila hata cheche moja ya rangi. Alhamisi Biba alikuwa amelala kando ya ukuta, anahema mbiombio, kichwa hakiinuki. Hapo Vlatko akatupa sururu. Alimfunga ndani ya sweta, akaendesha gari kilomita mia tano na arobaini hadi mji wa Port Augusta, mkono mmoja kwenye usukani, mmoja juu ya mbavu zile.

Daktari wa huko, binti mtaratibu, alitazama tone la damu kwa darubini.

"Ni vijidudu vya damu, mzee wangu. Huenda vililetwa na viroboto. Paka aliyeishiwa damu hulamba udongo, hulamba hata saruji. Alianza lini?"

"Siku kumi na mbili zilizopita." Vlatko akampapasa Biba kichwani. "Na ningemleta Jumanne?"

"Jumanne huenda angekuwa na damu ya kutosha kungojea dawa ifanye kazi. Wiki chache za vidonge, wengi hupona." Akavua glavu. "Sasa ngoja nimtafutie damu ya paka mwenzake."

Akatoka mbio. Aliporudi, Biba alikuwa amekwisha kunyoosha miguu, hapumui tena.

Vlatko hakugeuza gari kurudi nyumbani. Jambo lile hakuweza kulisema kwa simu. Akaelekea kusini mwendo wa saa nne zaidi hadi Adelaide, akabisha mlango wa shemeji yake. Milena alifungua mwenyewe, amekonda, mkono una bandeji. Akaliona sweta lililokunjwa kifuani kwa mumewe, uso ukachanua kama siku ya harusi.

"Umeniletea Biba!" Akanyoosha mikono yote miwili. "Nipe, nipe! Amelala?"

Kucha za Vlatko zilikuwa bado zimejaa vumbi la ukuta ule. Akampa.

Tamaa mbele, mauti nyuma.