Simbilisi wa Atuganile Kwa Jirani Mlaji

Paukwa!

Mbona mnaitikia kama mmemeza kiazi cha moto? Paukwa tena!

Pakawa! Haya, sasa mko hai.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya milima yenye baridi, baridi iliyonifanya mimi msafiri hodari niondoke na blanketi la mwenyeji wangu, aliishi mjane aitwaye Atuganile. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na simbilisi watatu, wanyama wadogo wasio na mkia, waliokaa jikoni kando ya mafiga wakila maganda na majani.

Siku moja Atuganile akashikwa na mafua. Akapiga chafya, akapiga chafya, akapiga chafya.

"Baridi hii isije ikawaingia wanangu," akasema, akawalaza wote chini ya blanketi lake.

Asubuhi simbilisi mdogo akaamka na kamasi sikioni, wala halikuwa lake.

"Mama," akasema simbilisi mkubwa, "kinachotutisha si baridi, ni pumzi yako. Mafua kwako ni kamasi, kwetu ni kaburi. Tupeleke kwa jirani."

Jirani alikuwa mmoja tu, Mwaijande, naye alipenda simbilisi kwa chumvi na pilipili.

"Atawatafuna!" akasema Atuganile.

"Yeye atafikiria kwanza, mama. Mafua hayafikirii."

Atuganile akajifunga kanga puani, akaita: "Jirani! Nitunzie wanangu mpaka nipone."

Mwaijande akameza mate. "Wote watatu?"

"Watatu unachukua, watatu unarudisha! Na unawe mikono kabla ya kuwagusa."

"Kunawa nanawa, mama, ila huwa ni kabla ya kula."

Siku ya kwanza Atuganile akaita dirishani: "Wanangu, mpo?" Wakajibu: "Kwii! Kwii! Kwii!" Siku ya pili, "Kwii! Kwii! Kwii!" Siku ya tatu akaita, kimya. Akaita, kimya. Akaita, kimya. Na jikoni kwa Mwaijande moshi ukapanda.

Atuganile akachomoka na mwiko mkononi. Mlangoni kikohozi kikambana, akasimama. Akiingia, atawakoholea. Asipoingia, wataliwa.

"Mwaijande! Toka nje nikuulie hapa uani!"

Mlango ukafunguka kidogo. Mwaijande alikuwa amejifunga shuka usoni.

"Rudi nyuma, mama, usitukoholee! Midomo yao imejaa majani ya mahindi, wataitikaje? Moto nimewakokea wapate joto."

"Na chumvi?"

"Chumvi ya nini? Huyu mdogo analala kwenye kofia yangu. Nitamlaje mtu anayelala kwenye kofia yangu?"

Atuganile akarudi kitandani akicheka na kukohoa.

Alipopona kabisa, akaoga, akafua blanketi, akaanza kujipamba aende kuwachukua wanawe. Hata hakufika mlangoni. Mwaijande huyo anakuja mbio, kikapu amekishika mbali na uso wake kama mtu aliyebeba nyuki.

"Wapokee, mama, wapokee upesi! Nimepiga chafya moja!"

Hadithi yangu imeishia hapo. Nami nilipita huko, Mwaijande akanikaribisha chakula, nikalamba midomo tangu mchana nikingoja nyama. Tulikula kabichi.